Kabla ya kulipa tableti, tuulize kitabu kitakuwa cha nani

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Lubumbashi. Hivi karibuni mlitoa barua ya msomaji mmoja aliyesema eti vitabu vya karatasi ni mambo ya wazee, eti watoto wapewe tableti na vile vifaa vya kusomea vitabu, mzigo utapungua mgongoni na wazazi watapumua. Hapa kwetu hayo si maneno ya gazeti tu. Kwenye shule ya mtoto wangu komite ya wazazi imeshaanza kutuambia tuchange dola za tableti, vitabu vyote vitakuwa mule ndani, hakuna tena kukimbilia buku kila mwezi wa tisa. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga na ninataka kueleza ni juu ya nini, naomba tu msinikatie barua ata kama ni ndefu.

Niseme kwanza ili mutu asije akanishika kisha: mimi nauzisha vitabu. Vitabu vya mkono wa pili, navitandika chini juu ya bashi, yaani turubai, si mbali na Posta, asubuhi nafungua na mvua ikionyesha dalili nafunika mbio mbio. Kwa hiyo ndiyo, karatasi njo inanilisha bukari, ugali wetu. Lakini muuza samaki naye njo anajua vizuri kuliko wote ni samaki gani imeoza, kwa hiyo mnisikilize kidogo.

Tusichanganye vitu. Kuko telefone, kuko tableti, na kuko kile kifaa cha kusomea chenyewe, kama Kindle ya Amazon, kampuni ya Amerika inayouzisha vitabu kwa intaneti, ile ilitoka mwaka 2007 kwa bei ya dola 399. Hicho nimekishika mkononi. Aliniletea mteja wangu mmoja aliyerudi likizo kutoka Ubelgiji, mutu anayesoma kweli, akaniambia angalia yaya (njo kusema ndugu mkubwa), siku moja hii itakufungisha biashara. Nikaangalia. Sitasema uongo, ni kitu kizuri. Kioo hakiwaki kama cha telefone, juani unasoma bila kukunja macho, maandishi yako kama yamepigwa chapa. Alinieleza kwamba mule ndani kuko vidonge vidogo sana vyenye chembe nyeupe na nyeusi, umeme unazipandisha ao kuzishusha, na ukurasa ukishajipanga hautumii tena umeme mpaka ugeuze. Njo maana betri yake inaweza kupita wiki kadhaa. Basi wale wanaopenda kusema karatasi ni bora juu hapa umeme unakatika, waache kusema ivyo, kwa kifaa kile haishiki. Kwa tableti inashika, juu tableti inakula betri kama telefone, na mtoto wa mitaa yetu kama Katuba ao Ruashi anayengojea umeme urudi usiku wa manane hatafanya devoir, kazi ya shule ya nyumbani. Lakini si hapo nilipo mimi.

Na saizi ya maandishi, mteja wangu aliongeza herufi mpaka nikasoma bila miwani. Papa mmoja mwalimu wa zamani, macho yake yamechoka, alikuwa amesimama pale anatazama na akauliza bei ile saa ile. Mtu kama yule akipata kifaa namna ile, mimi nitafurahi kwa ajili yake. Mwanafunzi wa medsini vilevile, mwenye silabusi na mabuku ya kilo na kilo, apakie PDF zake tu.

Kisha nikamuuliza yule mteja wa Kindle swali moja la kazi yangu: "Yaya, hiki kitabu ulichonionyesha, ukikimaliza unaweza kuniuzishia?" Akacheka. Akasema hapana, labda aniuzishie kifaa kizima. Nikamuuliza na mdogo wako aliye Likasi, unaweza kumwazimisha? Akafikiri, akasema ni mpaka ampe akonti yake yote na neno la siri. Akaacha kucheka.

Mhariri, hapo njo shida yangu iko, na wale wanaopigia tableti makofi hawaigusi kabisa. Wanazungumza uzito, harufu ya karatasi, macho, mazingira. Mimi nazungumza mali. Kitabu nilichonunua ni changu. Naweza kukisoma, kukiazimisha, kukirudisha sokoni, kukiachia watoto, na kama nimekasirika kukitia moto. Kile cha kwenye kifaa unalipia ruhusa ya kukisoma, na mwenye ruhusa ni yule aliyeko kule mbali.

Si mimi ninayetunga. Mwezi wa saba mwaka 2009 Amazon waligundua kwamba vitabu viwili vya George Orwell, mwandishi wa Uingereza, vilikuwa vimeuzwa kwenye duka lao na mutu asiyekuwa na haki navyo. Walifanya nini? Wakavifuta kutoka ndani ya vifaa vya watu, kwa mbali, bila kugonga mlango. Pesa waliwarudishia. Lakini kulikuwa kijana mmoja wa Michigan, mwanafunzi, alikuwa anasoma kimoja kati ya vile kwa ajili ya masomo, na yale aliyokuwa ameandika pembeni hayakuwa tena na maana juu kitabu chenyewe kimeondoka. Alikwenda mahakamani. Jeff Bezos mwenyewe, mkubwa wa Amazon wakati ule, aliomba radhi, akasema lilikuwa jambo la kijinga. Na kitabu kimoja kati ya vile viwili kilikuwa kile kinachoitwa "1984", hadithi yenyewe ya serikali inayofuta maandishi ya zamani, mimi nauzisha nakala yake ya Kifaransa na hakuna mutu amekuja usiku kuninyang'anya.

Mtasema ni zamani. Haya, mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu vya elektroniki. Kufunga duka ni kawaida, mimi nikifunga kesho vitabu nilivyokuuzishia vitabaki nyumbani kwako. Vyao havikubaki, kufika mwezi wa saba wa mwaka ule vilikuwa havifunguki tena. Walirudisha pesa, na wale walioandika maandishi yao ndani wakaongezewa dola 25. Dola 25 za mawazo yako! Na tarehe 26 mwezi wa pili mwaka 2025 Amazon waliondoa ile njia ya kushusha kitabu kwenye kompyuta yako na kukihamisha kwa waya, iliyokuwa inawasaidia watu kuweka nakala pembeni. Kila mara mlango mmoja unafungwa na mnunuzi anaambiwa ni kwa faida yake.

Na kama mutu anafikiri sheria itakuja kumwokoa, asome habari ya Tom Kabinet. Hao walikuwa watu wa Uholanzi, walitaka kufanya kazi kama yangu lakini ya vitabu vya elektroniki: umenunua, umesoma, unawaletea, wanauzisha kwa mwingine kwa bei ya chini. Wachapaji wakawashtaki. Tarehe 19 mwezi wa 12 mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba hairuhusiwi bila idhini ya mwenye haki. Kitabu cha karatasi, kikishauzwa mara ya kwanza, mwenye haki hana tena la kusema juu ya safari yake. Cha elektroniki hapana. Mimi si mwanasheria, lakini hukumu ile niliielewa haraka sana, ilikuwa inasema kazi yangu haiwezi kuzaliwa upande ule.

Sasa niwaonyeshe kwa nini hapa kwetu jambo hili ni zito kuliko kule Ulaya. Kule mutu akikosa kuuzisha kitabu chake anapoteza kidogo, maktaba iko kwenye kona, ya bure. Hapa kitabu kinaishi kwa kupita mikono. Niko na dikisionere moja ya Larousse, kamusi ya Kifaransa, kwenye bashi langu sasa ivi, jalada limeshonwa upya na uzi wa viatu. Kwenye ukurasa wa kwanza kuko jina la kwanza kwa wino wa bluu, mwandiko wa masista, na "Jadotville" chini yake, sasa mji wa Likasi uliitwa Jadotville mpaka Mobutu alipobadilisha majina, kwa hiyo mnajua umri wa kitabu. Jina lile limekatwa kwa mstari, chini kuko la pili na "Likasi". Limekatwa. La tatu halina mji, kuko tu "6e A", na mtoto amechora ndege. La nne ni muhuri wa shule moja ambayo, nafikiri, haikupewa kitabu kile kwa njia iliyonyooka lakini tuache. Wasomaji wanne mnaoweza kuwahesabu, na mbele yao ndugu zao, watoto wa jirani, mwalimu aliyeazima wikiendi. Wote walisomea nakala moja iliyolipiwa dukani mara moja tu. Nipigieni hesabu ya kitu kama kile kwa tableti.

Wakati Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipowaachisha kazi wafanyakazi zaidi ya 10,000, ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa mwaka 2003, "kwa hiari" mtanisamehe, watu waliuzisha vitu vya nyumba. Friji, vitanda, masufuria, kisha vitabu. Ni huzuni, sikatai, kulikuwa papa aliyekuwa akiuzisha huku anafungua kila kimoja na kusoma kidogo kabla ya kukiachia. Lakini angalau alikuwa na kitu cha kuuzisha, na watoto wa wengine walisoma hisabati katika vitabu vile, kuko na mainjinia leo waliotoka mule. Kama maktaba ya papa yule ingekuwa akonti, siku alipokosa kulipa intaneti vyote vingebaki hewani, yeye hana franga na sisi hatuna vitabu.

Kuko watakaosema: lakini watu wanapashana PDF kwa WhatsApp bure, hiyo si kupita mikono? Ni kweli, na inasaidia, wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, nusu ya masomo yao iko mule. Lakini semeni ukweli wenu, nani anasoma PDF ya kurasa 300 kwenye telefone mpaka mwisho? Wanakuja kwangu na telefone mkononi wanauliza "papa, uko na hiki cha kushika?" Ao wanaenda kufotokopisha, njo karatasi tena. Telefone ile ile unasoma mistari miwili, mesaji inaingia, shangazi ametuma video ya kanisa, ukirudi umesahau ulikuwa wapi. Kule Norwe watafiti walichukua wanafunzi 72 wa darasa la kumi, wengine wakasoma kwenye karatasi na wengine kwenye skrini ya kompyuta, maandishi ni yale yale, na wa karatasi njo walielewa vizuri zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Ni wanafunzi 72 tu, sitaki kujenga kanisa juu yake. Ila Uswidi, nchi iliyokuwa mbele kwa kuweka kompyuta shuleni, serikali yake mwaka 2023 ilitoa kroni milioni 685 ili shule zinunue tena vitabu vya karatasi. Sisi tunataka kuingia mlango ambao wenzetu wanatokea, na tunachangishwa ili tuingie.

Kuko jambo lingine linalonikaa rohoni. Mwaka 1965, mji huu ukiitwa bado Elisabethville, mutu mmoja anaitwa André Yav aliandika historia yake. Hakuandika historia ya magavana. Aliandika ya maboyi na wapishi, wale waliofanya kazi ndani ya nyumba za wazungu, namna walivyoona mji unajengwa, na aliandika kwa Kiswahili chetu hiki hiki, cha mitaani, bila kukinyoosha. Kilikuwa kijitabu tu cha mashine ya kuandikia, hakuna mchapaji mkubwa, hakuna jalada la maana. Karatasi zile zilipita huku na huku mpaka zikamfikia Johannes Fabian, mtafiti aliyefanya kazi hapa, naye akazitoa upya mwaka 1990 kule Amsterdam pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Leo unaweza kuyasoma maandishi yale kwenye intaneti bila kulipa, na hapo msomaji wenu wa tableti anaweza kunicheka, haya acheke. Lakini intaneti imeyapata juu karatasi iliyangojea miaka 25 bila kuomba neno la siri kwa mutu. Kijana wa Kamalondo anayeandika leo habari za mtaa wake kwenye telefone, telefone ikiibiwa Jumamosi kwenye soko la Kenya, komini ya hapa mjini, Fabian wa kesho atapata nini?

Karatasi nayo ina adui zake na mimi nawajua kwa majina. Muchwa. Panya. Mvua ya mwezi wa kwanza, inayopiga kwa pembeni mpaka chini ya bashi. Vumbi jekundu la kiangazi linaloingia katikati ya kurasa na halitoki. Vitabu vingi vya karne iliyopita vilitengenezwa kwa karatasi yenye asidi, vinageuka manjano na kuvunjika pembeni kama biskuti ukifungua kwa nguvu. Na kuko kifo kibaya kuliko vyote: siku moja nilinunua karanga za kuchoma barabarani, mama akanipa katika koni ya karatasi, nafungua naona mto Lualaba. Ukurasa wa atlasi, rangi zake nzuri. Nikamuuliza mama zingine ziko wapi, akaniambia Afrika imeisha jana, sasa yuko Asia. Nilinunua Asia yote. Kwa hiyo msifikiri nasema karatasi haifi. Inakufa, lakini unaiona inakufa, unaweza kuikimbilia na gundi, na uzi, na franga chache. Faili ikifungwa kule mbali unapata tu maandishi madogo ya Kiingereza kwamba haipatikani katika nchi yako.

Tangu masomo ya praimari yalipokuwa bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, watoto wanabanana kwenye benchi moja na kitabu kimoja katikati, nimeona kwa macho yangu. Ninaelewa kwa nini mzazi akisikia "vitabu vyote ndani ya tableti moja" anataka kulia kwa furaha. Lakini kitabu kile kimoja cha benchi mwaka ujao kitakuwa tena juu ya benchi, na mwaka mwingine. Tableti ikianguka mara moja kwenye semanti, na mtoto ni mtoto, vitabu vyote vya mwaka vimeanguka siku moja. Nani analipa kioo? Na hizo dola za mchango, mimi nazijua bei za mji huu, mzazi angepata nazo fungu zima la vitabu vya mkono wa pili, vya mtoto na vya wadogo zake, na mwisho wa mwaka akaniletea tena nikampa nusu ya bei. Ndiyo, nimejipigia debe, nimeshawaambia mimi ni muuzishaji.

Wala sisemi shule isiguse kabisa vifaa hivi. Kama komite inataka tableti chache zikae kwenye ofisi ya dairekta, zenye vitabu visivyopatikana hapa, watoto wakubwa wafundishwe kutafuta, sawa, nitachanga. Ninachokataa ni kubadilisha kitu kinachobaki kwetu kwa kitu cha kukodi halafu tuambiwe tumenunua.

Sasa wazazi wenzangu mtakaoitwa kwenye mikutano namna hii, kabla ya kutoa dola muombe muonyeshwe karatasi ya mapatano, ile yenyewe, si maneno ya mwenye kuuzisha. Muulize mtoto akimaliza darasa vitabu vile vinapita kwa mdogo wake ao mnalipa upya. Muulize kampuni ikifunga ao shule ikiacha kulipa, vitafunguka bado? Muulize kama vinasomeka bila intaneti, na kama mwalimu anaweza kuchapa ukurasa mmoja kwa ajili ya yule ambaye tableti yake imevunjika. Wakijibu vizuri na kwa maandishi, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kunyamaza. Kwetu mkutano wa pili ni kisha Pasaka, siku ya Jumamosi, kwa hiyo siku ile sitafungua asubuhi, wateja wangu mje saa nane.

Mimi muuzishaji wa vitabu,
Lubumbashi